Nyoka, nyungunyungu au mjusi? Na anachimbaje kwa kichwa bila fuvu kupasuka?

FundiKamukunji

Wadau habari zenu. Mimi ni fundi wa jua kali pale Kamukunji, nafua majembe, mabeleshi na wilbaro. Biolojia niliiacha shuleni zamani, kwa hivyo mkinijibu mnijibu taratibu.

Shemeji yangu ana shamba nje kidogo ya mji wa Voi. Juzi vijana walikuwa wakimchimbia shimo la choo, na kwenye ule mchanga mwekundu jembe likamkata mnyama mmoja karibu na mkia. Mzee jirani akasema huyo ni nyoka, mchomeni. Vijana wakasema ni nyungunyungu aliyenenepa. Shemeji ananijua vizuri, akamtia kwenye chupa ya jemu, akamwagia spiriti ya dukani, akamkabidhi dereva wa basi la Nairobi. Sasa yuko hapa kwenye kibanda changu na wateja wanamtazama yeye kuliko wanavyotazama bidhaa.

Picha nimeweka. Mwili una pete kuanzia shingoni hadi mkiani, na kila pete imekatwakatwa vipande vidogo vya mraba, safi kabisa, ungedhani mtu alipima na rula. Macho sioni, ila kuna doa jeusi chini ya gamba kila upande. Sikio hamna. Pua imechongoka mbele na mdomo uko chini yake, umerudi nyuma. Nilimfungua mdomo kwa kibano, nikakuta meno. Na juu, katikati kabisa ya taya, kuna jino moja lililozidi mengine yote. Sijawahi kuona mnyama mwenye jino la katikati. Sisi sote tuna mawili, moja huku na moja huku.

Ninachotaka kujua hasa ni hiki. Anachimba na nini? Hana mguu, hana kucha. Shemeji anasema pale chini ardhi ilikuwa ngumu hadi vijana wakaomba sururu. Kama anachimba kwa kichwa, na kichwa chenyewe hakifikii unene wa kidole changu cha mwisho, mbona hakipasuki? Mimi beleshi la bati jembamba nisipolipiga ule mgongo wa katikati, linapinda mkononi mwa mteja, kisha analirudisha na matusi juu.

Mwas_Donholm

Fundi huyo ni nyoka wa vichwa viwili, mrudishe alikotoka kabla mambo hayajaharibika hapo kwako 😂. Shosho yangu alikuwa anasema kichwa kimoja kikilala kingine kinalinda.

Lakini kwa kweli, ana sumu? Maana umemshika mdomo na kibano kama daktari wa meno.

MamaMafuvu

Mwas, hana sumu. Hakuna hata mmoja wa kundi lake mwenye sumu. Na kichwa ni kimoja. Mkia wao ni mfupi na butu, kwa hivyo wengi wakimwona kwa haraka hawajui aanzie wapi na aishie wapi.

Fundi, pole na kazi. Picha zako nimezikuza kwenye simu hadi mjukuu akaniuliza natafuta nini. Huyo si nyoka, na nyungunyungu ndiyo kabisa siye, maana nyungunyungu hana mfupa. Ni mjusi asiye na miguu wa kundi la Amphisbaenia. Mimi humwita mjusi-nyungunyungu au amfisbena, chagua. Kwa mahali alipotoka, na kwa pua hiyo, naona ni Geocalamus acutus, aliyepewa jina na Sternfeld mwaka 1912. Hapa Kenya ukitaja Voi kwa mtu wa wanyama watambaao, huyo ni mmoja wa wale watakaomjia akilini. Katika jenasi yake, yaani kundi dogo la ndugu wa karibu kabisa, ana mwenziwe mmoja tu, Geocalamus modestus wa Tanzania, ambaye Günther alimweleza mwaka 1880.

Miaka yangu ya kazi niliimalizia maabara nikitayarisha mifupa ya wanyama watambaao kwa ajili ya wanafunzi, ndiyo maana swali lako limenitoa jikoni.

Kwanza tuondoe wale wanaofanana naye. Nyoka kipofu ana magamba laini yanayolaliana, hana pete hizo za vipande vya mraba. Sesilia wa milima ya Taita, Boulengerula taitana, naye ana pete, lakini huyo ni jamaa wa chura, ngozi yake ni telezi na unyevunyevu. Kisha kuna skinki asiye na miguu, Acontias percivali, anayeishi pande hizo hizo. Magamba yake yanang'aa na yanalaliana, pete hana. Na ukitaka ushahidi wa tumboni, angalia mapafu. Nyoka pafu lake la kushoto ndilo lililopungua au kutoweka, likabaki la kulia. Amfisbena ni kinyume, la kulia ndilo lililopungua. Wote wawili walirefuka wakakosa nafasi, kila mmoja akatupa upande wake.

Jino uliloliona ndilo kitambulisho. Mfupa wa mbele kabisa wa taya la juu unaitwa premaksila. Kwa huyu ni mmoja, haujagawanyika, na katikati yake kumeota jino moja kubwa. Rudi umfungue tena utazame chini: kuna meno mawili yaliyoachana kidogo, na mdomo ukifungwa lile la juu linaingia katikati yao. Nyoka vipofu hawana mpango kama huo kabisa. Familia ya Typhlopidae ina meno juu tu, Leptotyphlopidae ina meno chini tu, na kwa kawaida humeza windo zima. Wako anang'ata na kunyofoa. Taya la chini ni fupi, nusu zake mbili zimeshikana barabara mbele, na nyuma ya meno mfupa umepanda juu kama pembe ili misuli mikubwa ipate pa kushika. Wale wa Amerika Kusini, Amphisbaena alba, hupita nusu mita kwa urefu, na kidole chako akikipata utajua.

Sasa swali la kupasuka. Chukua fuvu la kenge. Lina matundu na vijiti vingi: upinde wa mfupa nyuma ya jicho, nafasi za misuli kila mahali, na viungo vingine vinacheza kidogo anapouma. Ukilisukumiza hilo kwenye udongo mgumu litakuachia vipande. Amfisbena hayo yote kayaondoa. Upinde wa nyuma ya jicho hamna. Mifupa ya paji, frontali, imeshuka kila upande ikauzunguka ubongo wa mbele. Chini yake kuna orbitosfenoidi, mfupa ambao kwa mijusi wengi ni kijisehemu tu, lakini kwa huyu ni bamba linaloziba mbele ya sanduku la ubongo. Mifupa ya kisogo nayo imeungana ikawa kitu kimoja. Nguvu ikiingia kwa pua, inapita moja kwa moja hadi shingoni bila kukuta kiungo kinachocheza.

Na hapa ndipo napenda mtu aone kwa jicho lake. Pale frontali inapokutana na parietali, mfupa wa utosi, mshono si mstari. Ukiweka chini ya darubini utaona vidole vya mfupa vinaingiana, hiki ndani ya kile, mara nyingine kwa kina cha kukushangaza kwa kitu kidogo hivyo, kama pindo unalokunja kwenye ukingo wa karai ili bati lisifumuke. Nikiwa kazini wanafunzi walikuwa wakijaribu kulitenganisha fuvu pale kwa sindano. Mfupa huvunjika pembeni kabla mshono haujaachia.

Macho yamebaki chini ya ngozi, hilo doa jeusi. Yanajua mwanga na giza, si zaidi ya hapo. Sikio la nje halipo, lakini usidhani ni kiziwi. Kuna kijiti cha mfupa wa sikio, kolumela, na kwa wengi wao kijiti hicho kimeongezewa mkono mrefu unaokuja mbele kando ya taya la chini hadi kwenye ngozi ya uso. Mchwa akitembea mbele yake kwenye udongo, mtetemo unaingia kwa shavu.

Kuhusu kuchimba kwenyewe, wewe kama fundi utafurahi, maana wana vifaa vya aina nne. Kuna wenye kichwa cha mviringo wanaosukuma tu na kupanua shimo pande zote. Kuna wa beleshi: pua bapa, anaiingiza chini kisha anainua kichwa chote kugandamiza udongo kwenye dari la shimo. Rhineura wa Florida ni hivyo, na Monopeltis wa huku Afrika ni hivyo. Kuna wenye ukingo wima puani, hao huingiza kisha hupiga kichwa kushoto na kulia. Ancylocranium wa Tanzania na Somalia yumo. Na kuna familia ya Trogonophidae, ambao hawasukumi bali wanazungusha: kichwa kina kingo kali kila upande, anakisokota huku na huku akikwangua ukuta wa shimo na kuugandamiza palepale. Agamodon wa Somalia ndiye hodari wao. Mwili wake hata si wa mviringo, tumbo limebonyea, maana angekuwa mviringo angezunguka mzima mzima na kichwa kisingekata chochote.

Lingine nililosahau: ngozi. Haijashikamana sana na mwili, ina misuli yake. Zile pete zinashika udongo, mwili unateleza mbele ndani ya ngozi, kisha ngozi inafuata. Ndiyo maana anaweza kwenda mbele na nyuma shimoni bila kujipindapinda kama nyoka.

FundiKamukunji

Mama asante sana. Nimerudi nikamfungua mdomo tena na kweli meno mawili yapo chini na la juu linaingia katikati. Nimemwonyesha jirani yangu anayefua masufuria, amesema huyo Mungu alikuwa na muda.

Hiyo ya kichwa cha kusokota ndiyo imenikalia. Hapa kwetu hiyo tungeiita keekee, si beleshi.

Zoolojia_Chiromo

Shikamoo mama. Niko mwaka wa tatu na nina maswali mawili, usinichukulie vibaya.

Umesema ni mjusi. Kitabu tunachotumia kinaweka Amphisbaenia kama nusu-oda yake yenyewe, yaani kundi kubwa linalojitegemea: mijusi, nyoka, amfisbena, tatu sawa kwa sawa. Pili, Bipes wa Mexico ana mikono miwili mbele. Kwa akili ya kawaida si ndiye aliyebaki na umbo la kale, kisha hao wengine wakapoteza mikono mara moja na kutawanyika? Na kama vichwa vya beleshi viko Florida na Afrika, si hao nao ni ukoo mmoja?

MamaMafuvu

Marahaba mwanangu. Sikuchukulii vibaya, hayo ndiyo maswali.

Kitabu chako kina historia yake. Linnaeus mwaka 1758 aliwaweka pamoja na nyoka. Baadaye wakaja watu waliowatazama kwa undani zaidi, na Carl Gans ndiye aliyewafanyia kazi kuliko yeyote katika karne iliyopita. Yeye aliona fuvu hili limekwenda mbali sana na la mjusi na la nyoka, akasema wapewe cheo chao. Ukiwa na fuvu tu mkononi, huwezi kumlaumu. Nimelishika, najua linavyokutazama.

Kisha DNA. Kazi zilizotoka 2004 na 2005 ziliwaweka katikati ya mijusi, jirani wa karibu kabisa na familia ya Lacertidae, wale wembamba wenye mkia mrefu wanaokatiza mchanga mchana. Yaani pale pale Voi, ndugu wa huyu wa Fundi ni Heliobolus na Latastia wanaokimbia juu ya ule mchanga, na nyoka yuko mbali. Umbo halikukubali kirahisi. Mwaka 2012 Gauthier na wenzake walitoa uchambuzi mkubwa wa mifupa ya mijusi na nyoka, na mifupa ikawavuta amfisbena tena kuelekea nyoka na wengine wasio na miguu. Kwa maoni yangu hapo mifupa inadanganya, na inadanganya kwa sababu nzuri. Fuvu likishageuzwa kuwa chombo cha kazi, alama za ukoo zinafutwa. Yeyote atakayeingia chini ya ardhi ataziba sanduku la ubongo, atapunguza jicho, atarudisha mdomo nyuma ya pua. Ukihesabu tabia hizo kama ushahidi mbalimbali, unahesabu kitu kimoja mara nyingi.

Ndiyo jibu la vichwa vya beleshi pia. Tulikuwa tunawapanga kwa umbo la pua, na ni mpango mzuri sana wa kupanga rafu. Lakini Rhineura na Monopeltis si ndugu wa karibu. Beleshi limebuniwa zaidi ya mara moja, na ule ukingo wima vilevile.

Familia tunazotumia sasa ni sita. Rhineuridae imebakiwa na spishi moja tu hai, Rhineura floridana, ingawa visukuku vyake, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, Marekani ni vingi, na vya kale vina umri wa takribani miaka milioni 60. Bipedidae ni hao wenye mikono, spishi tatu: Bipes biporus ana vidole vitano, canaliculatus vinne, tridactylus vitatu. Blanidae wako Hispania, Ureno, Moroko na pande za Uturuki. Cadeidae ni wa Kuba peke yake. Trogonophidae, hao wa kusokota, ni Afrika Kaskazini, Pembe ya Afrika, Arabuni na kisiwa cha Sokotra, na meno yao yamekaa juu ya ukingo wa taya wakati kwa wengine wote yamebandikwa upande wa ndani. Hiyo tofauti ya meno ishike, mtihani huipenda. Wanaobaki ni Amphisbaenidae, familia kubwa kuliko zote, Amerika Kusini na Afrika, na huyu wa Voi yumo humo.

Kuhusu Bipes, akili ya kawaida ndiyo hiyo na wengi waliifuata. Lakini mti wa ukoo uliochorwa kwa DNA unamweka Rhineura, asiye na mkono, ndiye aliyejitenga kwanza. Bipes yuko ndani zaidi. Kwa kuwa mikono ikipotea kabisa ni shida kuirudisha, maana yake walipoteza mikono mara kadhaa, kila ukoo kivyake, na Bipes akabaki na yake kwa kuwa anaitumia kufungua udongo wa juu.

Kuna na kisukuku cha Messel, Ujerumani, kilichotangazwa 2011, Cryptolacerta, cha miaka milioni 47 hivi. Ana miguu yote minne midogo lakini fuvu tayari ni nene. Walioeleza walisema kichwa kiliimarika kwanza, mwili ukarefuka baadaye. Mimi wazo hilo nalipenda, ila wapo wasiokubali kwamba yuko karibu na amfisbena, kwa hivyo usiliandike kwenye karatasi ya mtihani kama amri.

Na walivuka bahari. Amerika Kusini na Afrika ziliachana takribani miaka milioni 100 iliyopita, lakini mgawanyiko wa koo hizi ni wa baadaye. Longrich na wenzake mwaka 2015 walisema wengi walisambaa baada ya yale maangamizi ya miaka milioni 66 iliyopita yaliyowamaliza dinosaria, wakielea na magogo na mabonge ya udongo. Mnyama wa shimoni kuvuka Atlantiki! Lakini fikiria: yuko ndani ya udongo wenye mizizi, mto umeubomoa ukingo, anakula kidogo, jua halimpati. Abiria bora kuliko twiga.

Mwas_Donholm

Nimekuja kucheka nimeondoka na somo. Kwa hivyo shosho alikosea kuhusu kichwa cha pili, lakini mkia nao si anaukata kama mjusi wa nyumbani?

MamaMafuvu

Wengi wanaukata, ndiyo, lakini hauoti tena kama wa mjusi wa nyumbani. Trogonophidae hawaukati kabisa.

FundiKamukunji

Mama swali la mwisho. Nataka kuliona hilo fuvu na ule mshono. Nikimchemsha nyama itoke, si nitabaki na mfupa? Jiko la makaa liko hapa hapa.

MamaMafuvu

Usimchemshe, tafadhali! Fuvu la namna hii ni dogo, meno yanaanguka na vifupa vya sikio unavimwaga pamoja na mchuzi. Sisi tulikuwa tukiwaachia mabuu ya mbawakawa waile nyama taratibu, au tunatumia dawa zinazofanya nyama iwe angavu na mfupa kuwa mwekundu, ukaona kila kitu bila kukata.

Tena kuna sheria. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013 hukusanyi wala kuweka mnyama wa mwituni bila kibali. Huyu alikatwa na jembe kwa bahati mbaya, sawa, lakini asikae kibandani kama pambo. Mpeleke Makumbusho ya Taifa, hapo Museum Hill, uulizie sehemu ya wanyama watambaao na amfibia. Waeleze ilivyokuwa. Si mbali na Kamukunji, na Snake Park iko uwanja huo huo ukitaka kupitia.

Kabla ya kwenda, mwaga hiyo spiriti kama imegeuka rangi, mwekee mpya imfunike mwili wote. Kipande cha mkia kiwe ndani pia. Kisha andika kikaratasi kwa penseli, si kalamu, wino utayeyuka, ukitie ndani ya chupa pamoja naye. Andika tarehe aliyopatikana, jina la aliyempata, kina cha shimo na aina ya udongo. Na usiandike "Voi" peke yake, Voi ni kubwa. Mpigie shemeji akwambie ni kilomita ngapi kutoka mjini na barabara ipi, au akutumie lokesheni kwa simu uinakili.

FundiKamukunji

Nimempigia. Anasema shimo lilikuwa limefika magotini kijana alipomkata. Hiyo niandike sentimita ngapi, mama? Kijana mwenyewe ni mrefu.

MamaMafuvu

Andika "hadi magotini, mtu mrefu". Wao watajua la kufanya nayo.